Mwaka wa Ndege ya Kadibodi

Mzee Galgalo alizikwa siku ya Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, na Jumamosi asubuhi mpwa wake Rukia akaja kwangu Donholm, viatu vyake vikiwa bado na vumbi la Kiamaiko, mtaa wa soko la mbuzi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka sita. Yeye ni rubani wa ndege za abiria, na siku hizi huwatahini pia marubani wanafunzi. Mimi nina karakana ya kuchora mabango na michoro ya mitambo, vyumba viwili nyuma ya nyumba ninayoishi. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, akanywa chai polepole, kama wafanyavyo watu waliotoka matangani. Kisha akageuza kichwa akaona, nyuma ya mlango, kipande kikubwa cha kadibodi kilichopakwa rangi nyeusi, chenye maduara meupe kumi na mawili. Aliweka kikombe sakafuni. "Fundi," akasema, "bado unayo?" Watu wengi huniita fundi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini hakuna mwingine anayelitamka neno hilo kwa sauti ile, nusu heshima na nusu utani. Nikajua kwamba mwaka ambao nimeahirisha kuuandika kwa muda mrefu sina tena sababu ya kuuahirisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na kujifunza kuandika mabango kwa mzee mmoja wa Eastleigh, aliyekuwa na kibanda nyuma ya maduka ya jumla. Tuliandika majina ya maduka ya vitambaa, ya nyumba za kulala wageni, ya wauza vyombo. Mzee yule alinifundisha jambo moja ambalo nimelishika hadi leo: bango hukaguliwa kuanzia herufi ya mwisho kurudi nyuma. Ukilisoma kutoka mwanzo, jicho husoma kile linachotarajia, na kosa hupita mbele yako likiwa limevaa rangi nzuri. Mwenye nyumba wangu alitaka mtu wa kuishi nami katika chumba cha ghorofa ya tatu, kodi igawanywe, akaniambia niandike tangazo langoni. Niliandika kwa rangi ya buluu kwenye ubao mweupe: Nafasi, msichana mmoja, asiyevuta sigara. Siku ya tatu alikuja Rukia, mwanafunzi wa hisabati mwaka wa tatu, mrefu, mwenye mtandio wa kijivu na begi la vitabu lililompinda bega. Nilimwuliza kwa nini alichagua hapa na si karibu na chuo. Akasema herufi za tangazo zilikuwa zimenyooka, na mtu anayenyoosha herufi kiasi kile huenda pia akawa hapigi kelele.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa, meza moja na dirisha lililotazama paa za nyumba zingine na, kwa mbali, magari ya barabara ya Outer Ring. Sufuria zilikuwa tatu. Tulikula ugali na sukuma siku nyingi, githeri ya mahindi na maharagwe Jumapili, na kila Ijumaa mtu alileta kutoka Kiamaiko mkebe wa nyirinyiri, yaani nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa hadi ikakauka, iliyotumwa na mjomba wake Rukia, Mzee Galgalo, mchuuzi wa mbuzi. Wiki ya pili ndipo nilipojua kwamba hisabati ilikuwa nusu tu ya habari. Siku tatu kwa wiki Rukia aliondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda uwanja mdogo wa ndege upande wa pili wa jiji, akaruka saa moja asubuhi na mwalimu wake, kisha akaenda chuoni moja kwa moja kwa mhadhara wa saa tano. Siku nyingine alianzia chuoni, na alasiri akaenda kusoma hali ya hewa, sheria za anga na namna ya kutafuta njia. Nilimchorea ratiba hiyo ukutani, buluu kwa chuo na nyekundu kwa ndege. Nilipomaliza tuliitazama wote wawili. Sehemu nyeupe zilizobaki zilikuwa Ijumaa mchana na Jumapili jioni, basi.

Baba yake aliishi Isiolo na alikuwa amemwachia Mzee Galgalo uamuzi wa mambo yote ya Nairobi. Mzee alikubali vyote viwili, shahada na urubani, kwa sharti alilolitoa akiwa amesimama nje ya mlango wetu, kofia yake nyeupe kichwani na fimbo mkononi, kwa sababu hakutaka kuingia chumba cha wasichana. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja siku ya soko. "Rukia, kitu kimoja kikianguka, ndege ndiyo itaachwa. Masomo hayaachwi." Rukia akajibu, "Sawa, mjomba." Mzee akanitazama mimi pia, kana kwamba nilikuwa shahidi aliyeletwa kwa ajili hiyo, akashuka ngazi. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba sharti kama lile lilikuwa kali kwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Sijawahi kumsikia Rukia akilalamika. Alilichukua kama alivyochukua uzito wa ndege, jambo linalojulikana mapema na kuwekwa katika hesabu.

Kadibodi ilitokana na orodha ya ukaguzi. Rubani, nilijifunza, hategemei kichwa chake hata kidogo. Kabla ya kuwasha injini, kabla ya kuruka, akiwa angani, kabla ya kutua, kila mara kuna orodha. Mmoja husoma, mwingine huangalia na kujibu. Rukia alihitaji mtu wa kumsomea, na mtu wa karibu nilikuwa mimi. Orodha ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu wakati huo kilitosha kusoma majina ya sabuni, basi akaniandikia tafsiri ya kila mstari kwa Kiswahili ili nijue ninachouliza. Siku chache za kwanza alijibu akiwa ameelekea ukuta mtupu. Hilo lilinikera kama mtu wa kazi ya mikono. Nilichukua boksi la friji kutoka duka moja Eastleigh, nikalikata, nikalipaka nyeusi, nikachora juu yake kila kitu kilicho mbele ya rubani kwa kufuata picha ya kitabu chake: saa ya mwendo, saa ya kimo, dira, saa ya mwelekeo, geji za mafuta, geji ya oili na kadhalika. Nilitumia rangi ileile ya mabango, isiyotoka hata kwa mvua. Tarakimu zilikuwa ndogo na safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Kila mshale niliuweka mahali ambapo kitabu kilisema uwe. Nilijivunia kazi ile wiki nzima, na Rukia aliisifu kwa namna yake, yaani alisogeza kiti akakaa mbele yake na kusema, "Haya, soma."

Tulifanya hivyo kila alfajiri, baada ya yeye kuswali na kabla ya chai. Nilisoma, "Mafuta." Akajibu, "Yametosha." "Oili." "Iko sawa." "Dira na saa ya mwelekeo." "Zinafanana." Kuta za jengo lile zilikuwa nyembamba, na baada ya mwezi mmoja msimamizi wa jengo, Baba Otis, alinisimamisha kwenye ngazi. Alisema wapangaji wa upande wa pili walikuwa wameuliza. Walisikia kila asubuhi mmoja akiita na mwingine akiitikia, na mmoja wao anajulikana ni Mwislamu na mwingine Mkikuyu wa kanisa, sasa walitaka kujua ni dini gani hiyo. "Si mniambie tu, madam," akasema. "Kama kuna maombi ya kupata kazi, hata mimi nitapanda." Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akauliza kama ndege hiyo ya boksi ina nafasi ya msimamizi. Kuanzia siku hiyo alimsalimu Rukia kwa kupiga saluti, na Rukia akamrudishia saluti kila asubuhi hadi tulipohama.

Nilichojifunza mwaka ule ni kingi kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Jioni Rukia alifanya hesabu zake za chuo upande mmoja wa meza, na mimi nikavuta kitabu cha kutafuta njia upande wa pili. Kulikuwa na mchoro wa pembetatu, mstari mmoja ukiwa upepo, mwingine ndege, na wa tatu njia halisi ambayo ndege hupita juu ya ardhi. Nilikuwa nimechora pembetatu maisha yangu yote bila kujua kwamba zinaweza kusema kitu. Nilimwuliza, akanieleza mara moja, kwa sentensi fupi, kisha akasema, "Sasa nieleze mimi." Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakukuuliza kama umeelewa, alikuambia umrudishie. Nikikosea hakusahihisha, alinyamaza hadi nilipoona mwenyewe. Michoro ya mitambo ninayofanya leo, inayonilipia karo za watoto, ilianzia kwenye meza ile, na hakuna cheti kinachosema hivyo. Nilimstaajabia pia kwa mambo madogo. Aliweza kufunga kitabu cha hisabati katikati ya tatizo, akala, akaswali, akafungua cha hali ya hewa na kuanza pale alipoachia juzi. Siku aliyochoka alisema amechoka, akalala dakika ishirini kwa saa, akaamka. Sikumwona akifanya ujasiri wa maonyesho hata siku moja.

Mtihani wa kuruka, ule unaompa mwanafunzi leseni ya kwanza, ulifika mwishoni mwa muhula. Aliondoka akiwa na shati jeupe nililolipiga pasi mimi. Alirudi mchana, akakaa kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimeanguka," akasema. Akanieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza kila kitu. Saa ya mwelekeo ina tabia ya kupotea polepole yenyewe, ndiyo maana orodha inarudia kuitaja kila baada ya muda: rubani ailinganishe na dira na kuirekebisha. Wakiwa angani mtahini alimsikiliza akijisomea orodha, na Rukia alipofika mstari ule alijibu kwa sauti safi kwamba zinafanana. Hazikufanana. Zilikuwa zimetofautiana digrii kumi na tano. Mtahini aliona, akamwacha aendelee. Baada ya robo saa akamwomba amwonyeshe mji uliopaswa kuwa chini ya bawa la kushoto. Chini kulikuwa na vichaka na mto mkavu. Walipotua mtahini alimwambia jambo moja tu, bila ukali: "Ulijibu kabla macho hayajafika." Rukia alirudia maneno hayo mara mbili. Kisha akasema kilichomsumbua zaidi. "Fundi, mimi niliangalia. Nakuapia niliangalia. Niliona sitini na sitini."

Niligeuka nikaitazama kadibodi iliyokuwa imeegemea ukuta. Dira: sitini. Saa ya mwelekeo: sitini. Kwa rangi isiyotoka hata kwa mvua. Kwa miezi saba, kila alfajiri, nilikuwa nimemwonyesha ndege ambayo haijawahi kuwa na kasoro, na jicho lake likajifunza kuiona ndege hiyo hata lilipokuwa mbele ya nyingine. Mimi, niliyekagua kila bango kutoka herufi ya mwisho kurudi nyuma, niliyejua kazi ya jicho linalotarajia kuliko mtu yeyote katika jengo lile, ndiye niliyetengeneza mtego huo na kuusifu. Nilimwambia hivyo. Akasema alikuwa na macho yake mwenyewe na hakuazima yangu. Kisha akavaa mtandio upya, akasema ni lazima amwambie mjomba leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Hakuniomba nimsindikize. Nilichukua sweta nikamfuata.

Tulimkuta Mzee Galgalo Kiamaiko akipokea mbuzi walioshushwa kwenye lori. Walikuwa arobaini, wote wa mtu mmoja, mfugaji aliyefanya naye biashara miaka mingi. Mzee alikuwa akimshika kila mmoja. Alivuta ukope wa chini kuona rangi ya ndani, akafungua mdomo, akapitisha vidole mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani, akabonyeza tumbo, akasogea kwa mwingine. Mwenye mbuzi alimtania kwamba wale ni ndugu, baba yao mmoja, angeshika wawili tu inatosha. "Basi baba yao nitamjua vizuri," Mzee akajibu, akaendelea. Tulisimama kando katika harufu ya damu na moshi hadi alipofika mbuzi wa mwisho, na nilimwangalia kwa makusudi: alimshika yule wa arobaini kama alivyomshika wa kwanza, ukope, mdomo, mgongo, tumbo. Ndipo akanawa mikono na kutujia.

Rukia alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, bila kumtaja mtu mwingine. Mzee alisikiliza akitazama chini. Kisha akauliza, "Uliishika?"

"Niliangalia, mjomba."

"Sikuuliza kama uliangalia."

Alimwita karibu na mbuzi mmoja mwenye manyoya marefu, aliyeonekana mnene kuliko wenzake, akachukua mkono wa Rukia na kuuweka mgongoni mwa mbuzi huyo. Niliona uso wa Rukia ukibadilika. Akanivuta nami nishike. Chini ya manyoya yale mazuri uti wa mgongo ulikuwa kama msumeno. Hapo nilisema kile nilichokuwa nimekuja kusema. Nilimwambia Mzee kwamba kosa lilianza kwangu, kwamba mimi ndiye niliyechora saa zile na kila mshale niliuweka mahali pake pazuri. Alinitazama kwa mara ya kwanza jioni ile, na nadhani alikaribia kucheka. "Binti yangu," akasema, "wewe umechora mbuzi wazuri watupu. Chora na wagonjwa."

Kisha akauliza mtihani wa kurudia ni lini. Rukia akasema baada ya wiki tatu, Jumatano saa mbili asubuhi. Na mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula? Akasita kidogo, akasema ni Jumatano hiyohiyo, saa nane mchana. Hakuna tarehe nyingine iliyopatikana. Mwenye mbuzi alimwita Mzee, naye hakugeuka. "Leo sihesabu kilichoanguka," akasema hatimaye. "Nitahesabu siku hiyo. Vyote viwili."

Siku iliyofuata nilikata matundu kwenye kadibodi. Nilikata mishale kutoka kwenye vifuniko vya mikebe ya rangi, nikaipachika kwa vijipini ili izunguke, na geji za mafuta nikazifanyia vipande vya kusogeza. Kila alfajiri, Rukia akiwa bado kwenye mswala, niliipanga upya. Siku nyingine nilipotosha mshale mmoja, siku nyingine mitatu. Alitakiwa aguse kila saa kwa kidole ndipo ajibu. Asubuhi ya kwanza alipita juu ya makosa mawili, asubuhi ya tatu moja, na baada ya wiki hakupita juu ya lolote. Ndipo nikaanza kuweka siku ambazo hakukuwa na kosa kabisa, na hizo zilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu alitaka kulipata. "Umeficha wapi?" aliuliza. Nilimwambia hakuna. Alirudia yote kumi na mawili kabla ya kuniamini, na hilo nalo likawa somo: kujua kwamba kitu kiko sawa kwa sababu umekishika, na kukubali. Upande wa pili wa jengo, Baba Otis aliniarifu, waumini walikuwa wameona kwamba siku hizi kiitikio kimekuwa kirefu.

Jumatano ile niliomba ruhusa kazini, nikabeba begi lake la chuo lenye kadi ya mtihani na kalamu, nikasimama nje ya waya wa uwanja. Nilikuwa nimekodi teksi ya kungoja langoni kuanzia saa sita. Wingu lilikuwa chini, kama ilivyo miezi ile ya baridi Nairobi, na saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, saa nne. Ndege zote zilikaa. Saa nne na nusu wingu lilipanda, nikamwona Rukia akitoka na mtahini, mwanamume mfupi mwenye koti la ngozi. Alianza kuizunguka ndege. Niliijua orodha ile kwa moyo na nilimfuata mstari kwa mstari kutoka pale nje, mdomo wangu ukisema na yeye, umbali wa mita mia, akishika. Alipofika bawa la kushoto alipanda kwenye kijukwaa kidogo, akafungua tangi, akatumbukiza kijiti cha kupimia, akakitoa, akakitazama. Akakitumbukiza tena. Kisha akashuka akaenda kwa mtahini.

Baadaye alinieleza walichosemezana. Karatasi ya ndege ilisema matangi yalijazwa jioni iliyotangulia, na geji ndani zilionyesha mafuta ya kutosha. Kijiti kilisema nusu. Mtahini alimwuliza kama hayo yanatosha kwa safari yao. Akasema yanatosha kwenda na kurudi, lakini hayaachi akiba inayotakiwa, na zaidi ya hayo yeye hajui sasa aamini nini katika karatasi ile. Mtahini akatazama saa yake, akamkumbusha kwamba gari la mafuta lilikuwa upande wa mbali likihudumia wengine waliocheleweshwa na wingu, na kwamba amesikia ana mtihani mwingine leo. Mimi kutoka kwenye waya niliona tu mkono wa mtahini ukiinuka na saa, na kichwa cha Rukia kikikataa. Nilijua saa nane haiko mbali. Nadhani nilisema kwa sauti, "Panda, Rukia, panda twende," na askari wa lango akanigeukia. Yeye aliketi kwenye ukingo wa nyasi, magoti yamekusanywa, akangoja gari la mafuta dakika arobaini. Hakutazama langoni hata mara moja. Nimefikiria dakika zile mara nyingi katika maisha yangu. Alikuwa na kila sababu ya kuamini geji. Sharti la mjomba, ambalo lingemnyima ndege, ndilo lililomsukuma aharakishe, na mkono wa mjomba yuleyule ndio uliomketisha.

Waliruka saa tano na nusu na kutua saa saba na dakika chache. Mtahini alizungumza naye kidogo kando ya ndege, akampa mkono. Rukia alikuja mbio hadi langoni, akachukua begi, akaingia kwenye teksi, na ilikuwa hadi tulipopita katikati ya jiji ndipo nikathubutu kumwuliza. "Nimepita," akasema, akiwa ameshika kadi ya mtihani kwa mikono miwili. "Amesema alikuwa tayari amenipitisha pale kwenye kijiti, hayo mengine yalikuwa matembezi." Hakutabasamu. Midomo yake ilikuwa ikirudia kanuni za hisabati. Chuoni mlango wa ukumbi ulikuwa ukifungwa nusu saa baada ya mtihani kuanza. Aliingia dakika ishirini na mbili baada ya saa nane, na msimamizi wa mtihani akamwonyesha kiti.

Matokeo ya chuo yalitoka baada ya majuma kadhaa. Karatasi ile aliipita, si kwa alama alizozoea, lakini aliipita vizuri. Jumapili iliyofuata tulisikia fimbo kwenye ngazi. Mzee Galgalo alisimama mlangoni kama kawaida, akampa Rukia mkebe wa nyirinyiri, na akaiona kadibodi ukutani. Alivua viatu, akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Aliuliza kila saa ni ya nini, na kila moja aliyoelezwa aliigusa kwa kidole kilekile kinachovuta kope za mbuzi. Kisha akatugeuzia mgongo, akaikinga kadibodi kwa mwili wake mpana, tukasikia bati likikwaruza. Akasogea kando. "Haya," akasema.

Rukia alikaa. Nilisoma, akagusa, akajibu. Kwenye oili akasimama. "Hapa, mjomba. Umeiangusha."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akavaa viatu. "Vizuri," akasema. "Sasa malizia masomo." Akashuka ngazi, na huko chini tukamsikia Baba Otis akimwuliza kama naye amekuwa rubani.

Shahada ilikuja mwaka uliofuata, na leseni kubwa baadaye kidogo. Mimi nilihama na kadibodi. Imehama nami mara nne.

Jumamosi ile, alipoweka kikombe sakafuni, Rukia aliniambia kwamba watu wa Kiamaiko walikuwa wamesimulia matangani jinsi Mzee, hata mwaka jana alipokuwa haoni vizuri, aliendelea kupelekwa sokoni asubuhi kushika mbuzi, na hakuna aliyethubutu kununua kabla hajamaliza. Nikaitoa kadibodi nyuma ya mlango, nikaifuta vumbi, nikaiegemeza kwenye meza ya kazi. Hakuhitaji kuambiwa. Alisogeza kiti. Sikuitafuta orodha, ilikuwa bado kichwani, lakini niliona si haki kuisoma kutoka kichwani, nikafungua droo nikaichukua karatasi yenye maandishi yake. Nikasoma. Akanyoosha mkono, akagusa, akajibu, polepole, zote kumi na mbili, hadi ya mwisho.

"Hukusogeza kitu leo," akasema.

"Sikusogeza."

"Nilijua tangu nilipokaa." Alikuwa bado ameweka kidole juu ya mshale wa mwisho, na hakukiondoa. "Nimeshika tu."